Baba wa Mzee Ogoti Hataki Shule

Mimi ninawapikia uji watoto wa chekechea hapa karibu na Nyaramba, mwaka wa tisa sasa, na langoni pale nimeona mengi. Nimemwona mama akilia kuliko mtoto. Nimemwona mwanamume mzima akimhonga binti yake mandazi sita ili avuke mlango. Lakini aliyenivunja mbavu na kunipandisha hasira kwa wakati mmoja ni jirani yangu, Mzee Joash Ogoti.

Ogoti ana miaka sabini na moja, shamba la chai, migomba nyuma ya nyumba, na ni mzee wa kanisa. Akisimama Sabato kutoa matangazo, hata watoto wachanga wananyamaza. Wanawe saba aliwalea kwa kufoka, na mpaka leo wakikutana naye njiani wanasimama wima. Sasa mtu huyo huyo, haki ya Mungu, alishindwa na mtoto wa miaka mitano!

Kisa chenyewe ni jina. Sisi Wakisii humpa mtoto jina la mzee aliyefariki, na mjukuu wake huyu, mtoto wa mkaza mwanawe Gladys, alipewa Mokua, jina la baba mzazi wa Ogoti. Hakuna ubaya hapo. Kila boma lina mtoto anayeitwa baba au mama. Tunamwita hivyo, tunacheka, tunampangusa kamasi. Ogoti yeye hakucheka. Tangu mtoto aote meno anamwita Tata, yaani baba, na anamtumikia kama baba. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya Tata. Kigoda cha miguu mitatu kando ya redio ni cha Tata. Na Tata naye si mjinga, anamwita babu yake "Ogoti!" hivyo hivyo, bila mzee, bila nini. "Ogoti, niletee ndizi!" Na Ogoti anatoka mbio.

Haya, mpeleke mkubwa huyo chekechea. Kwangu ni mtoto wa thelathini na nane kwenye foleni ya uji. Mwalimu Valentine akimwambia, "Mokua, keti," anageuka kutazama ni nani anayeambiwa. Siku ya pili akanuna. Siku ya tatu akajificha jikoni kwa mama yake, nyuma ya gunia la mahindi, akasema shule hataki.

Aliyeumia ni Gladys. Mumewe, Geoffrey, yuko Nairobi, anatuma salamu. Gladys anaishi kwa kazi ya duka mjini Nyamira, tena duka la sare za shule, uone mambo! Anawavisha watoto wa watu huku wake anaikanyaga sare yake kwenye matope. Kumwachia mzee hawezi. Mara ya mwisho alipomwachia, Tata aliamuru apewe panga, na akapewa. Kwa hiyo kila asubuhi ni kuvutana, na kila asubuhi Gladys anachelewa.

Ogoti alijaribu kusaidia, Mungu apishie mbali. Kwanza alileta wazee wawili wa kanisa wamwombee mtoto. Mtoto akasema amina, akarudi nyuma ya gunia. Halafu, Alhamisi, akambeba mgongoni mpaka shuleni, kigoda kwapani, akamwambia Valentine mbele ya darasa zima, "Huyu ni baba yangu. Hawezi kuketi chini na watoto."

Basi Mokua akaketi juu ya kigoda kando ya ukuta, kama chifu kwenye baraza, na hakuna mtoto aliyethubutu kumsukuma wala kumwita wacheze. Saa nne alikunywa uji wake peke yake, machozi yakidondoka kikombeni. Mzee alipokuja kumchukua, nilikuwa nimejaa.

"Mzee, mtoto huyu anataka wenzake. Kipeleke kigoda chako nyumbani."

"Mama Lewis, wewe pika uji."

"Basi mkemee, aje kama wengine!"

"Wewe unaweza kumkemea baba yako?"

"Baba yangu hakojoi kitandani!"

Kigoda alikiacha hapo hapo, na Sabato hakunisalimia. Haikuniuma hata kidogo.

Lakini kabla ya Sabato hiyo, Ijumaa jioni, Gladys alikuja kwangu ameshika kichwa. Mwenye duka alikuwa amechoka kumwonya. "Ameniambia Jumatatu nikipitisha saa mbili, nisiguse hata mlango, nirudi nyumbani kabisa. Mama Lewis, kazi hii ikienda, mimi na mtoto tutakula nini?" Nilimpa chai, na moyoni nikamtukana Ogoti.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilipita kwao nikienda kuwasha moto shuleni, nikasikia zogo. Gladys yuko uani, amevaa, mkoba begani, analia. Mara mbili amemvuta Mokua nje, mara mbili mtoto amemuuma mkono akarudi ndani. Ogoti naye amesimama mbali na mlango wa jikoni, maana kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mkaza mwana hata nyumba ikiungua. Kazi yake ni kubembeleza kwa mbali. "Tata, toka. Tata wangu, nakuomba."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya gunia.

"Ogoti! Mimi ni nani yako?"

"Wewe ni baba yangu."

"Basi enda shule wewe!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipoinua macho nikamwona mzee, kicheko kikanikauka. Watu wa rika lake wote wanajua habari ile. Mokua yule wa kwanza alimtoa Ogoti darasa la pili akachunge ng'ombe, na mtoto aliporudi shule kwa siri akamfuata huko huko akamchapa mbele ya wenzake. Mpaka leo Ogoti anashika kitabu cha nyimbo kanisani na kuimba kwa kichwa, na sisi tunajifanya hatujui.

Mzee akavua kofia. "Ndiyo, Tata," akasema, machozi yanamtoka mbele ya mkaza mwanawe bila haya. Akageuka, akashika njia ya shule.

Mokua alingoja kubembelezwa. Hakubembelezwa. Akachungulia, akatoka.

"Ogoti ameenda wapi?"

"Shule," nikamwambia. "Si wewe umemtuma?"

Alifikiri, uso umekunjamana. "Na nani atamwonyesha darasa?" Akavaa sweta mbele nyuma, akamfuata mbio. Gladys naye hakungoja aelezwe, alikimbia upande wa barabara, na saa mbili kasoro kumi alikuwa dukani. Kazi anayo hadi sasa.

Nilipofika shuleni, Ogoti ameketi kwenye mkeka katikati ya watoto, magoti yamefika masikioni, anasema a, e, i, o, u. Mokua yuko kando yake, chini kama wengine. "Ogoti, si hivyo! Fungua mdomo!" Watoto wanakufa kwa kicheko, wanasukumana, wanamwangukia Mokua, na Mokua anacheka nao. Valentine aliwaacha tu. Wakati wa mapumziko mtoto alitoka na wenzake kufukuza tairi, nikamwita mara tatu aje anywe uji.

Ilikwenda hivyo wiki nzima: baba anamleta mwanawe shule, kwa mkono, kwa fahari. Jumatatu iliyofuata, wenzake wakamwita kutoka uwanjani, na Mokua akauachilia ule mkono langoni.

"Ogoti, rudi nyumbani. Chuma chai."

Akaenda bila kugeuka. Mzee akabaki ameshika lango kwa mikono miwili.

"Mzee, umesikia," nikamwambia kwa ukali wangu ule ule. "Umeambiwa urudi."

"Mama Lewis," akasema polepole, "tulikuwa tumefika ma, me, mi."

Nilifungua lango, nikatoa kile kigoda stoo, nikakiweka nje, chini ya dirisha la darasa. Anakikalia mpaka leo, anafuata masomo kwa midomo bila sauti. Saa nne akininyooshea mkono apewe uji, namwambia apange foleni nyuma ya baba yake, na anapanga.