Mizani ya Vingunguti na Cheti Nilichokifuta

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mizani, pale Mombasa, nilipigwa mkono kwa rula ya chuma. Fundi Mkuu alikuwa ameniachia sanduku la mawe ya mizani, ambayo kwa kweli si mawe bali ni vyuma vilivyochongwa kwa uzito usiobishaniwa, nami kwa utundu wangu nikalitoa moja na kulilaza kiganjani. Rula ikashuka. "Mkono wako una jasho," akaniambia, "na jasho lina uzito. Ukilishika hivyo kila siku, jiwe litasema uongo, na kila mizani utakayoipima nalo itasema uongo huo huo." Akanitupia glavu. Toka siku hiyo hadi nilipostaafu sikushika jiwe kwa mkono mtupu.

Alikuwa na amri nyingine aliyoirudia mpaka tukachoka: mizani hupimwa pahali patulivu. Funga mlango, zima feni, waombe majirani wasimamishe mashine, fukuza hata paka. Mizani ikishatulia kwenye sifuri, hapo ndipo uweke jiwe la kwanza. Nyinyi vijana wa mizani za kioo chenye namba msidhani ule ulikuwa ushamba. Ilikuwa heshima ya kazi, na niliishika kwa uaminifu mpaka ikakaribia kumfunga mama wa watu jela.

Nilipelekwa Voi kwenye mizani za mkonge, nikapelekwa Kilifi kwenye korosho, kisha nikarudishwa bandarini chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu mkali lakini aliyeijua kazi. Aliwahi kunirudisha Kilifi kwa sababu niliandika tarakimu moja ikafanana na nyingine. Mkali wa namna hiyo simchukii. Ninayemchukia, Mungu anisamehe, ni Meneja wa Kanda aliyekuja miaka ya mwisho, kijana wa tai ambaye sikumwona hata mara moja akishika bisibisi. Yeye ndiye aliyeamua twende kutafuta wateja ng'ambo ya mpaka.

"Mzee, Dar inakua," akaniambia. "Kila siku ghala jipya, na kila ghala lina mizani. Utaipenda."

Yeye mwenyewe hakwenda. Nilikwenda mimi, na mawe yangu.

Basi niwaeleze mji unaokua ulivyo kwa mtu aliyebeba vyuma. Mpakani ofisa alifungua sanduku akaniuliza kama ninasafirisha chuma chakavu. Nikampa barua ya kazi, hakuisoma. Akalitoa jiwe la kilo tano kwa vidole vyenye mafuta ya chapati, akalipimapima mkononi, akasema, "Hili mbona kama halifiki kilo tano?" Nikamwambia, mwanangu, hilo ndilo linaloamua kilo tano ni ngapi. Kwa jibu hilo alinikalisha kwenye benchi mpaka abiria wenzangu wakaanza kunisonya.

Na Dar yenyewe kila safari nilikuta ni nyingine. Stendi niliyoizoea imehamishwa. Njia niliyoikariri imefungwa kwa mabati. Laini ya simu niliyosajili safari iliyopita imezimwa, na ili kuisajili upya wanataka kidole, pasipoti, na subira nisiyokuwa nayo. Ukiuliza mahali unaambiwa, "Shuka palipokuwa na kiwanda cha magodoro, kata kushoto palipokuwa na ule ukuta wa bluu." Palipokuwa! Mgeni atajuaje palipokuwa na nini? Siku moja Kurasini nilizunguka na bajaji katikati ya malori ya makontena asubuhi nzima, tukitafuta geti ambalo mwenyeji wangu alinielekeza kwa mnara uliokwisha kubomolewa. Dereva alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke Singida. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwonyesha njia.

Hayo niliyameza. Safari moja tu ndiyo haikumezeka.

Palikuwa na ghala la baridi si mbali na machinjio ya Vingunguti. Nyama ikitoka machinjioni inapimwa, na ikiingia ghalani inapimwa tena kwenye mizani ya sakafuni, karani anaandika. Kwa muda wa miezi miwili vipimo hivyo viwili vilikuwa havilingani. Siku nyingine sawa sawa, siku nyingine kilo zimepungua kila tela linaloingia. Karani alikuwa Bi Tatu, mama wa makamo aliyekikalia kiti kile tangu ghala lilipofunguliwa. Meneja wa ghala alikuwa amemsimamisha kazi na kumpeleka polisi akaandika maelezo. Kilichongojwa ni cheti changu. Mizani ikiwa mbovu, Bi Tatu anarudi kwenye kiti chake. Mizani ikiwa nzima, yeye ndiye mwizi wa nyama.

Nilifika Jumatatu. Nikaambiwa Meneja wa ghala yuko saiti, nije kesho. Jumanne umeme ulikatika. Jumatano barabara ilifungwa, nikashushwa mbali, nikarudi zangu na vumbi mpaka kwenye kope. Siku zote hizo, mama wa watu yuko nyumbani anangoja, nami natumia pesa ya kampuni kunywa chai ya gesti. Nilipopokelewa Alhamisi nilikuwa nimevimba kwa hasira, na tiketi ya basi la Ijumaa alfajiri iko mfukoni.

Nje ya ukuta wa ghala walikuwa wakipanua barabara. Rola, ule mtambo mzito wa kushindilia kifusi, lilikuwa linakwenda na kurudi likinguruma. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikasubiri wajenzi waende kula, pakawa kimya. Bi Tatu aliitwa ashuhudie. Alisimama mlangoni, kanga begani, hakuruhusiwa kukaribia kiti chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mie nakuomba kitu kimoja tu. Ipime hilo dude likiwa linafanya kazi. Siku za kelele ndo kilo zinapotea. Nimewaambia hawa, hawanielewi."

Meneja wa ghala akacheka. "Jana alisema ni panya. Leo rola."

"Sijasema panya mie," Bi Tatu akajibu. "Panya umesema wewe."

Nami nikamjibu kwa sauti ya Fundi Mkuu: "Mizani haipimwi kwenye kelele, mwanangu. Ndiyo kanuni." Nikafunga mlango. Nikaweka mawe yangu moja moja, nikapima katikati, nikapima pembe zote nne. Namba zilinyooka kama nilivyozitaka. Nikatia lakiri, ule muhuri wa risasi unaofunga mizani isiguswe, nikasaini cheti: mizani ni sahihi. Bi Tatu alikitazama, akasema "haya", akatoka. Hakulia, na nilidhani kutolia kwake ni dalili ya hatia.

Ijumaa nikachelewa basi. Usiku ule walikuwa wamemwaga lami kwenye njia ya kutokea, bajaji ikazungushwa mitaa mpaka nikakuta stendi basi limeondoka, na nafasi ni kesho yake. Nililaani barabara, nikamlaani aliyeichora na Meneja wa Kanda aliyesema nitaipenda. Nikarudi gesti kule Kiwalani nikakuta chumba changu kimeshapata mtu. Mwenye gesti, Mama Nasra, mama wa Kiarabu ambaye wazee wake walikuwa na duka mtaani hapo tangu zamani, akanipa chumba cha mbele, kinachotazama barabara hiyo hiyo.

"Mama Nasra," nikamwita, "kitanda hiki kimelala upande."

"Kitanda kizima hicho, mzee wangu. Labda wewe ndo umelala upande."

Hapo sikuvumilia. Wiki nzima nimeambiwa njoo kesho, sasa naambiwa hata kitanda sikijui. Nikafungua sanduku nikatoa pima maji, kile kipimo chenye kichupa cha maji na povu ndani yake, ambacho povu likisimama katikati unajua mahali pamelingana. Nikakiweka kwenye ubao wa kitanda, nikamwambia aje aone kwa macho yake. Povu lilikuwa limekwenda pembeni kweli, nilikuwa na haki. Lakini halikutulia. Lilikuwa likitetemeka, linakwenda na kurudi, kila rola lilipopita dirishani.

"Ndo wao hao," Mama Nasra akasema. "Toka waanze, hata vikombe vyangu kabatini vinatembea. Kila jioni navirudisha nyuma visije vikaanguka."

Vikombe vinatembea. Nikakaa kwenye kile kitanda kilicholala upande.

Sikilizeni vizuri, maana ndipo kazi ilipo. Bamba la mizani ya sakafuni huelea juu ya miguu minne ndani ya shimo la zege. Miguu ndiyo inayohisi mzigo. Bamba halitakiwi kugusa ukingo wa shimo hata kidogo, kwani likiuegemea, ukingo nao unabeba, na kilo zinazobebwa na ukingo miguu haizioni. Kama zege la upande wa barabara lilikuwa limesogea, na kama rola likipita linalisukuma bamba liguse, mizani itapunguza kilo mchana kutwa, kisha itakuwa mkweli wajenzi wakienda kula. Nami nilikwenda kuipima wakati wa kula.

Nikampigia Meneja wa Kanda.

"Cheti umeshasaini?" akauliza.

"Nimesaini. Nataka kukifuta."

"Mzee, kampuni hii haijawahi kufuta cheti. Ulitumwa kupima mizani, hukutumwa kupima watu. Panda basi urudi."

Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mkubwa wangu simu, kabla wala baada.

Mchana ule nikarudi ghalani. Meneja wa ghala akaniambia kazi imekwisha, barua ya kumfukuza Bi Tatu inachapwa. Nikamwambia lakiri ile ni yangu, nikiikata hapimi hata mfupa, na nikamwonyesha koleo. Akatuma mtu Bi Tatu aletwe. Alipofika nikamwomba akae kwenye kiti chake, apime kama anavyopima siku zote, mlango wazi, rola likinguruma. Nikapanga mawe yangu yote juu ya bamba. Akasoma namba, akainua macho akanitazama. Ilikuwa pungufu. Mawe ambayo hayajaguswa na mkono wangu mtupu hata siku moja yalikuwa pungufu.

Bamba huchunguzwa kwa karatasi: unaipitisha kwenye mwanya kuuzunguka ukingo wote. Mfukoni sikuwa na karatasi nyingine ila nakala ya cheti changu. Nikaikunja. Pande tatu ilipita vizuri. Upande wa barabara ilikwenda hatua moja, rola likapita, bamba likaing'ata. Nikavuta ikachanika.

"Sasa nimwamini nani?" Meneja wa ghala akauliza. "Wewe wa jana au wewe wa leo?"

"Wa jana alipima mizani," nikamwambia. "Wa leo amepima kazi. Mwamini wa leo."

Nikakata lakiri, nikafunga kadi nyekundu ya kukataza matumizi. Kisha nikakalia sanduku langu nikasema sitoki wala siandiki ripoti mpaka nione barua ya kumrudisha kazini, na nyingine ya kwenda polisi. Kisheria sikuwa na haki hiyo. Kazi yangu inaishia kwenye kadi. Lakini nilikuwa nimezungushwa wiki nzima, na kukaa nikingoja nilikuwa nimeshajifunza kwao. Barua zilitoka kabla ya Alasiri, zina muhuri, nikazisoma mara mbili.

Bi Tatu alinisindikiza mpaka getini. Nilitarajia shukrani, siwafichi.

"Baba," akasema, "mie nilikwambia jana. Hukunisikiliza kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya kanuni na utulivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

"Haya, baba," akasema. "Safari njema." Akarudi ndani kazini.

Mombasa nilipokewa na barua ya onyo kwa kuiaibisha kampuni. Ninayo mpaka leo, kwenye bahasha moja na ile nakala iliyochanika. Miaka miwili baadaye nikastaafu, Meneja wa Kanda akatoa hotuba ndefu akanisifu kwa uaminifu, na jina la baba yangu akalikosea.

Nikiwasimulia watu kisa hiki barazani huniambia niishukuru ile lami iliyonichelewesha. Siishukuru. Mama wa watu aponee kwenye basi lililoniacha? Alikuwa amesema ukweli kwa mdomo wake, mbele yangu, na nilikuwa na masikio mawili. Hilo ndilo linalonikera kuliko benchi la mpakani na kitanda cha Kiwalani.

Na kuna jingine, ambalo barazani silisemi. Kwa miaka yote ya kazi nilifunga milango, nikasimamisha mashine, nikawatoa makarani nje ili wasinitikisie mizani. Nilisaini vyeti vingi, kwenye mkonge, kwenye korosho, bandarini, na kila cheti kilikuwa na mtu nyuma yake akingoja nje ya mlango. Sijui walikuwa wakitaka kuniambia nini. Safari zile nyingine zote niliwahi basi.