Redio ya Kusikia Tu

Mume wangu Kule ni mtu mzuri. Nalisema mwanzoni ili msije mkadhani namchukia. Hanywi, hapigi, na kanisani hapa Rukoki hakosi. Lakini anaogopa sheria kupita kiasi, na hofu hiyo ndiyo imetufikisha tulipo.

Kazi yake ni kufunga umeme kwenye nyumba za watu mjini Kasese. Ugonjwa wake ni redio, na si za kununua, ni za kuunda mwenyewe. Vipande vinakuja kwa posta kutoka ng'ambo, vifuko na vifuko vya vidude vidogo kama punje za mtama, pamoja na karatasi ya maelekezo. Anavipanga kwenye trei za mayai, anachomeka chuma chake cha kulehemu, na meza yangu ya chakula inakuwa si yangu tena kwa miezi mitatu. Kuna viduara vyeusi ambavyo lazima avizungushie waya mwembamba wa shaba, mara ishirini na nane, zisipungue wala zisizidi. Wakati huo ukimsalimia tu, hesabu inampotea na anaanza upya. Mama yake mzazi aliwahi kusimama mlangoni na mkungu wa ndizi kichwani, akingoja mwanawe afike ishirini na nane. Siku hiyo nilimwambia afadhali angeoa redio, mimi nikabaki kwetu Bwera nikapumzika.

Leseni aliisubiri miaka miwili. Inamruhusu kuongea hewani na wenzake wenye leseni kama hiyo, basi. Alipovuta waya wa antena kutoka paani hadi kwenye mparachichi, haikupita wiki afande Tumwesigye akafika kutoka kambi ya jeshi na askari wawili. Aliisoma leseni mbele na nyuma. Akasema kusikiliza asikilize, kuongea na wenzake aongee, lakini siku atakayosikia ameongea na mtu wa Kongo, atambeba yeye na meza yake. Sikumlaumu afande, maana hapa mpakani tumeona mengi. Kule aliitikia ndiyo afande, ndiyo afande, mpaka walipoondoka.

Sasa Kaswera. Ni jirani yetu, anapanga chumba nyuma ya nyumba yetu na kuuza mafuta ya mawese sokoni Mpondwe. Alikimbia vita upande wa Beni, huko Kongo, na njiani akapotezana na mume wake, Sosthène. Simu ilikuwa haishiki, minara ya huko ilikuwa imechomwa. Lakini parokia za upande ule zina redio za kuitana, wenyewe wanaziita foni. Kila asubuhi saa moja mtu wa parokia anasoma majina ya wanaotafutwa. Kila jina akilimaliza, ananyamaza kama nusu dakika, akingoja mwenye habari ajibu. Kaswera aliposikia kwamba redio ya Kule inazikamata sauti hizo, alikuja akapiga magoti. Kule akamkubalia. Wiki sita mfululizo Kaswera alikaa mezani kwetu kabla ya kwenda sokoni, akisikiliza majina ya watu wengine.

Jumatano moja likaja jina la mume wake. Sauti ilikwaruza lakini ilisikika vizuri. Sosthène, fundi wa mbao, iko hapa parokia, anatafuta bibi yake Kaswera. Wamemuambia bibi iko Oicha, mugonjwa, na kesho asubuhi anaenda kumuchukua. Mutu mwenye kujua, ajibu. Kisha kimya, ule mvumo tu wa redio.

Kaswera alimshika Kule mkono. "Baba Alliance, ujibu. Uwaambie niko huku. Ile njia ya Oicha wanaua batu."

Kule akaangalia meza. "Hii inasikia tu, mama," akasema. "Haisemi."

Uongo. Mwezi mzima kabla ya hapo alikuwa amemaliza kulehemu sehemu ya kusemea, na kwa masikio yangu nilimsikia akiongea na mwenzake wa Nairobi, akicheka kama mtoto. Maiki ilikuwa pale pale mezani, chini ya kitambaa, karibu na kiwiko changu. Na mimi nilijua kuitumia. Unabonyeza, unasema, unaachia. Hakuna ufundi hapo.

Nilimfikiria afande. Nikafikiria Kule akiwa ndani na mtoto wetu Alliance akirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karo. Nilifikiria nusu dakika nzima, na yule mtu wa parokia akaenda kwenye jina linalofuata.

Msiseme Kule hakufanya kitu. Alifanya, tena mbio. Asubuhi ile ile alipanda bodaboda mpaka Mpondwe, akampata dereva wa lori anayekwenda Butembo, akampa barua ya kupeleka parokiani. Lori likakwama forodhani mpaka Ijumaa. Sosthène alikuwa ameondoka Alhamisi, kama alivyosema. Jumatatu jina lake lilisomwa tena, safari hii pamoja na ya wengine tisa, na hakuna aliyeombwa kujibu.

Baada ya matanga Kaswera alikuja na jogoo. Alimpa Kule kwa mikono miwili, akasema bila yeye asingesikia hata jina la mume wake. Kule alipokea! Nilimchinja jogoo yule, nikampika, na Kule akala. Nilipomsema, alinijibu kwamba sheria ni sheria, na kwamba hata angejibu, labda wasingemsikia huko. Nikamwambia hilo hatalijua mpaka anakufa. Kuanzia hapo tukawa watu wa kupitishiana chumvi tu.

Wiki iliyopita, kabla ya saa moja asubuhi, Kaswera aliingia na mwanamke mwingine. Anaitwa Sylvie, ametoka Kongo juzi, amepotezana na mtoto wake wa miaka saba. Kaswera alimvutia kiti, akamwelekeza redio kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kunawa. "Inasikia tu," akamwambia, "lakini inasikia muzuri."

Kule akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. Nilingoja aseme, nikaona hatasema.

"Kaswera," nikasema, "hii redio inasema."

Hakumwangalia Kule. Aliniangalia mimi. "Tangu lini?"

Nilimwambia tangu mwezi mmoja kabla ya jina la Sosthène. Nikamwambia pia kwamba si Kule peke yake, mimi nami nilikuwa najua kuitumia, na nilikaa kimya. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige. Sylvie alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, haelewi kitu.

Kaswera akavuta kiti cha pili, akakaa kati yangu na Kule.

"Kaa, Sylvie," akasema. "Leo wakimuita mutoto, hawa batajibu. Mimi niko hapa."