Mboga Zangu za Eda

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nimekaa ndani na shuka langu jeupe, kijiji chetu cha Baleni kimya, watu hawajarudi kwa sala. Nakuita mwanangu ingawa sijazeeka hivyo, usinicheke. Aliyekaa eda anazeeka kabla ya nywele zake.

Mume wangu Makame alikufa kwa homa huko Chole, alikokwenda kupanga mawe ya boma la Wadachi. Nikakaa eda kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mtoto hatukupata, basi nyumba ile ndiyo kitu pekee kilichobaki cha kumtaja. Na mpunga ulikuwa umetoa mashuke, watu wote wamehamia mashambani kuamia ndege wasiule. Kijijini nimebaki mimi na kuku. Watu wanarudi Ijumaa tu, kwa sala. Hapo wananiwekea mlangoni pakacha la mchicha na matembele, wanaita hodi, wanakwenda zao. Nikifungua, naona migongo.

Mimi mboga zile naziosha zote papo hapo, nazishindilia kwenye chungu, nafunika. Nilidhani usafi ndio dawa. Haipiti muda zinanuka, zinateleza. Kuanzia hapo ni muhogo na chumvi mpaka Ijumaa nyingine, maana kutoka kwenda kuchuma siwezi.

Ijumaa hiyo wifi yangu Zuhura akaja kutoka Ndagoni. Akafunua chungu, akaziba pua.

"Wifi, unapika au unazika?"

"Funika chungu cha watu."

"Tazama ulivyokonda. Mama kasema, Ijumaa ijayo nikikuta hivi nikuchukue, ukamalizie eda kwetu."

"Nitatoka humu nikimaliza eda ya Makame. Kabla ya hapo njooni na jeneza."

Akacheka, lakini hakuwa anatania. Nyumba ya makuti ikikosa mtu haichukui muda, mchwa wanaila.

Zuhura alipoondoka akaingia Bi Mize, somo yangu aliyenicheza unyago. Yeye hakuishia mlangoni, alikaa kabisa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikaanza kumsema Zuhura. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza? Haya. Mboga unaziosha za nini na hujaziweka jikoni? Jani likilala na maji linaoza. Wifi yako huyo humshindi kwa mdomo."

Akaishia hapo, akarudi shambani, jua lilikuwa linashuka. Mengine nikajifunza mwenyewe, ningemuuliza nani? Mboga za siku ile sikuziosha. Nilizikung'uta, nikachambua majani ya manjano na yaliyopondeka. Matembele nikayasimamisha kwa vikonyo kwenye kigae chenye maji kidogo. Mchicha nikaufunga kwa jani la mgomba wa uani, bila kukaza, nikaulaza kando ya mtungi, pale mchanga unapokaa baridi. Kila asubuhi nafungua, natoa jani lililolegea, nafunga tena. Nikawa naongea nazo, mwanangu. Nauhadithia mchicha habari za Makame. Sioni haya kusema, humo ndani hapakuwa na sauti nyingine.

Ijumaa ikafika, Zuhura huyo, moja kwa moja kwenye chungu. Kitupu. Nikamwonyesha mtungini. Akafungua jani, akavunja kikonyo, kikalia.

"Hizi za leo."

"Za Ijumaa iliyopita. Kaa ule."

Tukala sahani moja. Akaramba vidole, akasema, "Kumbe kaka yangu hakuoa mdomo mtupu." Kisha akafunga ukaya wake kichwani, tayari kuondoka. "Mama nitamwambia uko salama. Maliza eda yako."

Alipokwenda nikaitazama sahani ile, upande wake na upande wangu. Hapo ndipo nilipolia, na wakati wa kufa Makame sikulia hivyo.

Basi mwanangu, mboga usiioshe mpaka moto uwake. Ichambue, ikung'ute, ifunge kwa jani, iweke penye baridi, na kila asubuhi uitazame. Na ukisikia kuna mwanamke yumo eda, usimwachie pakacha ukakimbilia ndege. Waache ndege wale kidogo. Ingia, kaa, hata akikutolea maneno. Mungu akuepushe na nyumba ya kimya, na kama umeandikiwa kuingia, akujaalie mtu wa kula naye.