Dakika Ishirini na Mbili za Gilberte

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, kaka zetu walikaa mezani, wakala pai ya nyama mpaka ikaisha, wakaamua kwamba dada yangu Gilberte ndiye atakayebaki na baba. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakuna aliyemuuliza. Kwetu Saguenay, nchi ya theluji na Wakatoliki wasemao Kifaransa, ndivyo ilivyokuwa: katika kila nyumba mtoto mmoja aliteuliwa kuwa fimbo ya uzeeni ya wazazi, na watu walilitamka jina hilo kwa heshima kana kwamba ni cheo. Mimi nilikuwa nimeshaolewa mjini Chicoutimi, kwa hiyo nilipona. Nasema nilipona kwa sababu sijapata neno jingine.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho barabarani. Baada yake ni shamba la jirani yetu Lavoie, kisha uzio wa kambi ya ndege za kivita. Baba alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, maneno yakamwishia, na Gilberte akawa hatoki tena. Misa aliisikiliza redioni. Unga na melasi aliletewa na lori la duka. Jikoni kulikuwa na dirisha moja, na lilitazama ghala.

Basi akaanza kusikiliza.

Nilipokwenda kumtembelea, tukiwa tunamenya maharage makubwa ya supu, aliinua kisu ghafla akaniambia ninyamaze.

"Unasikia huo mluzi?"

"Nasikia kelele, dada."

"Kelele ni zako na mumeo. Huo ni mluzi wa injini ndogo, ya kuamshia zile kubwa. Ngoja... Haya, imeamka ya kulia. Daima ya kulia kwanza. Sasa rubani anasubiri itulie. Umesikia ilivyoshuka sauti? Imetulia. Sasa ya kushoto."

Nikamuuliza nani amemfundisha. Akasema ni wale wanaume wa uzioni.

Wanaume wa uzioni walikuwa watano sita, wastaafu wa kiwanda cha alumini wengi wao, na mkubwa wao Gérard Bouchard, mwenye darubini shingoni na daftari mfukoni. Waliandika namba ya mkia ya kila ndege, nao walikuwa na sheria moja: huandiki namba ambayo hukuiona kwa macho yako. Gilberte aliwafikia kwa hesabu. Baba alikuwa akilala baada ya chakula cha mchana, saa nzima, na ndege nyingi ziliruka wakati huo. Tangu mluzi wa kwanza mpaka ndege kuruka ni dakika ishirini na mbili. Kutoka mlangoni mpaka uzioni ni dakika saba, nane kukiwa na theluji. Hakutoka kwa mluzi peke yake, maana mara nyingine mafundi huwasha na kuzima. Alivaa buti kwa injini ya kulia, akafunga mlango kwa ile ya kushoto. Alifika uzioni wakati ndege zinakuja polepole mpaka mwisho wa njia ya kurukia, pale zinaposimama kukaguliwa mara ya mwisho. Aliziona zikiruka, akaandika namba zake, akarudi. Baba alikuwa bado anakoroma.

Alifanya hivyo miaka minne. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake yote hapa duniani, na mtu asinicheke nikisema ilimtosha.

Mwezi wa tatu wa mwaka themanini na tisa, siku ya Jumanne, zilikuja ndege mbili. Ya kwanza ilikaguliwa ikapita. Ya pili mafundi waliingia chini yake kuchomoa zile pini za usalama zenye utepe mwekundu, na rubani akaweka mikono yote miwili juu ya dirisha lake, kama wanavyotakiwa, ili walio chini waone hagusi kitu. Hawakutoka haraka. Dakika mbili, dakika nne. Rubani mikono juu, mafundi chini, injini zinanguruma.

Gérard akasema, "Utepe umenasa tu. Inaruka hiyo."

"Hairuki," Gilberte akasema. "Injini ya kushoto haijatulia tangu ilipowashwa. Inapanda, inashuka."

"Mama wee! Sikio limetuletea ripoti," Gérard akasema; Sikio ndilo jina walilompa pale uzioni.

"Nimeisikia kutoka jikoni, Gérard."

"Jikoni ulisikia sufuria. Nenda nyumbani bibie, baba yako anakuita."

Wenzake wakacheka. Gilberte akatazama saa. Muda wake ulikuwa umekwisha. Angegeuka wakati ule angefika salama, na alilijua hilo, aliniambia mwenyewe. Lakini miaka minne aliwasikiliza wale wanaume wakijua kila kitu, na leo alijua yeye. Akasema, dakika tano tu.

Zikawa kumi na tisa. Mwisho fundi mmoja akatoka mbele ya ndege, akapitisha mkono shingoni. Injini ya kushoto ikazimwa, kisha ya kulia. Pini zikarudishwa. Wanaume wakampigia makofi, na Gérard akavua kofia kwenye baridi ile akainama kama mbele ya askofu.

"Sikio, nimeshindwa. Andika wewe kwanza."

Akaandika. Kisha akakimbia.

Baba alikuwa sakafuni karibu na jiko, amelalia upande ule uliokufa, amelowa, midomo ya bluu. Moto ulikuwa umezimika. Alikuwa amejaribu kufika dirishani, kiti kilipinduka. Macho yalikuwa wazi. Alimtazama tu.

Kaka yetu Rosaire alikuja usiku uleule, nami nikaja. Rosaire alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Ulikuwa uzioni unachekacheka na wanaume, na mzee anakufa!"

"Sikuwa nachekacheka. Nilikuwa nasubiri injini."

"Injini! Mnamsikia huyu? Utaapa hapa, mbele ya picha ya mama, hukanyagi tena kule."

"Basi kaa naye wewe Jumanne moja kwa mwezi."

"Mimi nina kazi."

"Na mimi?"

Rosaire akavaa koti. Hakuapishwa mtu, na hakikuwepo kiapo kilichohitajika: tangu usiku ule Gilberte hakuthubutu kumwacha baba peke yake. Nilisema nitakuja mimi kila mwezi. Nilikuja mara moja, mwezi wa sita.

Siku hiyo nilimlisha baba mwenyewe, akalala. Mluzi ukalia. Baba akafumbua macho hapohapo. Injini ya kulia ikaamka, na Gilberte akainama kuvaa viatu, na mkono wa kushoto wa baba, ule mzima, ukatoka chini ya blanketi ukashika aproni yake. Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile si kila mara alikuwa amelala kweli. Na yeye alikuwa amejifunza. Alijua mluzi, alijua ya kulia na ya kushoto, na alijua kinachofuata ni mlango.

"Nenda dada," nikasema. "Nipo hapa mimi. Toa mkono wake uende."

"Toa wewe."

Nikaushika ule mkono. Ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Kidole kimoja kimoja ningeufungua wote bila shida. Lakini alinitazama kwa macho yale Gilberte aliyonisimulia, ya siku ile ya sakafuni, nikauacha.

Gilberte akavuta kiti, akakaa kando ya kitanda, kiatu kimoja mguuni. Akaanza kumsimulia.

"Ya kushoto hiyo, baba. Sasa wanajaribu mapezi ya mkia. Sasa wanaondoa vizuizi vya magurudumu. Zinatembea. Zipo mbili... hapana, tatu. Zimesimama. Sasa mafundi wako chini."

Kule kambini moto wa injini ukalipuka kwa ngurumo, vioo vya dirisha vikatetemeka, ndege zikapanda moja baada ya nyingine zikapotelea upande wa mto. Kukawa kimya. Vidole vya baba vikalegea vyenyewe, akafumba macho, akalala kweli.

Ikawa hivyo kila siku ya kuruka. Baba yetu aliishi miaka sita mingine.

Tulipomzika, nilibaki pale wiki nzima. Jumanne mluzi ukalia. Nikamwekea buti mlangoni. Alizivaa, tukatoka wote wawili, na nilifurahi mno hata nikamshika mkono kama tulipokuwa wadogo. Tulifika penye shamba la Lavoie. Uzio ulionekana, wanaume walionekana, na mmoja alianza kutupungia kofia. Gilberte akatazama saa.

"Dada, unatazama nini? Nani anakusubiri?"

Alikuwa ameshageuka, anarudi nyumbani kwa hatua za haraka kama mtu aliyeacha mgonjwa ndani, na nyuma yetu ndege zilikuwa bado hazijaruka.