Kinyozi Aliyekwenda Mwezini kwa Simu

Kinyozi wa Soho Road ana mikono miwili, lakini unaonyoa ni mmoja. Mwingine umeshika simu tangu wale wanaanga wanne waende kuuzunguka mwezi, na shingo yake imerefuka kwa kutazama juu hadi ungeweza kuanikia kanga mbili. Mteja akiketi haulizwi anataka mtindo gani. Anaambiwa wanaanga wameamkaje. "Leo tumekula wali," husema, kana kwamba naye alipelekewa sahani. Mkewe akiwa na mafua hana habari, lakini mwanaanga akipiga chafya atakwambia mara ngapi.

Adhuhuri wanaanga waliporudi duniani, kitini alikuwepo Daud, bwana harusi wa Iqra, na shehe alikuwa akimngoja msikitini afungishe nikahi. Shavu la kulia lilikuwa limeshanyolewa, linang'aa kama sufuria mpya. Kwenye simu chombo chao kikaanza kushuka, mawasiliano nacho yakakatika, na wembe ukasimama hewani.

"Mzee, nikahi yangu ni saa nane!"

"Nyamaza wewe! Watu wanapita motoni, nawe unalilia ndevu?"

Dakika sita hakupepesa macho. Miavuli ya chombo ilipofunguka alilia kwa kwikwi, akajifuta kwa taulo ya Daud. "Ngoja kidogo, sasa wanafungua mlango."

Daud hakungoja. Alikivua kitambaa shingoni, akatoka mbio. Msikitini shehe alilitazama shavu la kulia, akalitazama la kushoto lenye msitu wake, kisha akauliza kwa adabu ni yupi kati ya hawa wawili anayemwoa Iqra.