Siku Maman Alipotapika Weusi

Utoto wangu uliangukia ndani ya vita, na Bukavu ya wakati ule ilikuwa na vitu viwili vya kumtia mtu mbio: bunduki na karuho. Bunduki unaijua. Karuho ni ile sumu ya kwetu ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa macho, lakini kila mtu anamjua mtu aliyekufa nayo. Mwenye wivu, wanasema, anaificha chini ya ukucha, anakukaribisha kinywaji, anachovya kidole kama bahati mbaya, basi. Tumbo linawaka, unakonda, unatapika weusi, unazikwa. Sisi watoto wa Kadutu tulikuwa tunachungulia kucha za wakubwa hata kanisani, wakati wa kupeana amani.

Koko, mama yake mama yangu, alikuwa mwalimu mkuu wa somo hilo. Kusoma hakujua, lakini karuho aliijua kama jirani. Kila asubuhi Maman akitoka, Koko anamsindikiza na maneno yale yale:

"Usinywe kwa batu. Kama kiu inakushika, meza mate yako."

Maman alikuwa mbebaji. Vita ilikuwa imemaliza malori, kwa hiyo migongo ya wanawake ndiyo iliyogeuka malori. Alipandisha magunia ya makaa na unga kutoka pembeni ya ziwa mpaka sokoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, shingo imeingia mabegani kama ya kobe. Akirudi jioni hawezi kugeuka kuona nani anamwita. Na tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Siku nyingine hiyo mara moja ilikuwa ya watoto peke yao, yeye anatuangalia tu na kusema ameshiba njiani. Ameshiba nini, vumbi?

Zahanati ya karibu na sisi ilikuwa imeporwa mpaka bawaba za mlango. Badala yake alikuwa anapita mwanaume mmoja na sinia, vidonge vimerundikwa kama karanga, hakuna kartoni, hakuna karatasi, hakuna jina. Anaimba tu: dawa ya kichwa, dawa ya mugongo, dawa ya magoti. Sisi tuliamini kila kiungo kina kidonge chake. Nyeupe ilikuwa ya kichwa. Ya rangi mbili ilikuwa ya mgongo, tena watu waliiheshimu sana, maana kitu cha rangi mbili lazima kinafanya kazi mbili. Maman alizifunga zote katika pindo la kitenge. Nyeupe asubuhi ili kichwa kikubali kamba, rangi mbili jioni ili mgongo ukubali kulala. Maumivu yakikataa, anaongeza. Hakuna aliyeona ubaya. Dawa ni dawa.

Katika ua wetu kulikuwa na mpangaji, Maman Byamungu, mjane aliyekimbia kutoka kisiwa cha Idjwi. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya mwanaume, maneno machache. Aliishi kwa kutengeneza kasiksi, ile pombe ya ndizi. Asubuhi moja alimwona Maman anatetemeka miguu mbele ya lango, akamwita, akampa kikombe. Maman akanywa chote, kwa sababu kasiksi ikiingia tumboni njaa inanyamaza kidogo. Koko alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua. Aliona. Hakusema kitu, na Koko kunyamaza ilikuwa mbaya kuliko Koko kusema.

Mchana Maman alirudi kabla ya saa yake, bila gunia, bila kamba, mkono umeshika tumbo. Akakaa chini karibu yangu, akafungua pindo la kitenge, akameza mbili zaidi.

"Ni za nini, maman?" nikamuuliza.

"Ni za maumivu. Na hapa kuna maumivu."

Hazikumaliza hata muda wa kuchemsha chai. Alisimama, akashika ukuta, akatapika. Weusi. Weusi kama kahawa iliyosagwa na kumwagiwa maji. Koko akaangalia chini, akaangalia mlango wa Maman Byamungu, akasema kwa sauti ya mtu aliyengoja miaka yote siku hiyo:

"Njo iyo. Karuho. Muniitie batu."

Watu gani wa kuita? Walikuwa wameshafika. Kadutu nyumba zimepandana mlimani, ukikohoa huku, kule juu wanakuambia pole. Ua ukajaa, juu ya ukuta wamekaa watoto kama kuku, na moyo wangu ulikuwa unaruka, hofu na kitu kingine kisichofaa kusemwa, maana siku zote tulisikia tu karuho ya watu wengine na sasa ilikuwa yetu. Koko akawasha moto, akaweka sufuria ya mizizi ya kutapisha. Ndiyo dawa ya karuho: unamtapisha mgonjwa mpaka sumu itoke. Na wengine wakaenda kumtoa Maman Byamungu chumbani, fimbo mkononi.

"Weye wa kisiwani, toa dawa yake."

"Dawa ya nini?"

"Ya ile ulimuwekea. Onyesha makucha."

Akanyoosha mikono. "Makucha, muangalie. Imejaa ndizi. Nakamua ndizi tangu asubuhi, mulitaka inuke nini, marashi?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Maman wakati ule alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekuwa ya majivu, jasho linamtoka baridi. Koko alichota maji ya mizizi kwenye kopo na kuanza kuyapoza. Maman Byamungu akauliza, "Munataka kumutapisha?" Hakungoja jibu. Alipita katikati ya watu wote wale na fimbo zao, akampokonya Koko kopo akalimwaga, kisha akapiga sufuria teke. Moto ukalia tsss.

"Mumeona?" Koko akasema. "Amemwanga dawa. Munatafuta ushahidi gani ingine?"

"Bwana yangu alitapika ivi ivi," Maman Byamungu akasema. Hakupandisha sauti. "Weusi. Bakamupa mizizi atapike tena. Alitapika mupaka akaisha. Uyu hapana, nikiwa nasimama hapa."

Akachuchumaa mbele ya Maman, akampa mgongo. "Panda."

"Unamupeleka wapi?" Koko akauliza.

"Hospitali, chini Ibanda. Na nyiye benye fimbo, kama munataka kunipiga munipigie njiani. Ile njia ni murefu, mutapata muda."

Miaka hii yote sijaona tena watu wengi hivyo wakikosa la kufanya kwa mara moja. Alimfunga Maman mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akatoka. Kumpiga angemwangusha mgonjwa. Kumwacha aende peke yake, huenda anakwenda kummaliza. Kwa hiyo tukamfuata. Wote. Koko mbele na mchi wa sombe begani, nyuma yake wenye fimbo, nyuma yao watoto, na mimi pembeni nimeshika mguu wa Maman uliokuwa unaning'inia. Tuliteremka tukikimbia, mawe yanabingirika, watu wanatoka milangoni kuuliza, na kila aliyeuliza alijibiwa neno moja na kujiunga. Mwanamke anayeshutumiwa kutia sumu ndiye aliyekuwa anatuongoza, na tulikuwa tunahema kumfikia.

Njiani kulikuwa na bariere ya askari, kamba imekatisha barabara. Pale hapakupita mtu bure, hata maiti ilitoa kitu. Mmoja akanyanyua bunduki.

"Simameni. Ni fujo gani iyi?"

Koko hakuwa na pumzi ya maneno mengi. "Karuho," akasema, na kumwonyesha Maman, kidevu cheusi, kichwa kimelala juu ya bega la Maman Byamungu.

Yule askari alirudi nyuma mpaka akakanyaga mwenzake. Mwenzake alikuwa anakula ndizi ya kuchoma, sijui alimnyang'anya nani. Akaiangalia ile ndizi, akaitupa. "Mupite," wakasema. "Mupite mbali na siye." Kamba ikashuka. Watu wenye bunduki, walioteketeza vijiji vizima, walikuwa wanajipangusa mikono kwenye suruali na hawakuwa wamemgusa mtu.

Hospitalini akatupokea muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye haraka. Koko akamweleza kila kitu: kikombe, kasiksi, kisiwa, makucha.

"Sawa," muuguzi akasema, huku anashika mkono wa Maman kutafuta mishipa. "Na amekula nini leo?"

Hakuna aliyejua. Mimi nilijua.

"Hajakula," nikasema. "Anameza."

"Anameza nini?"

Nikafungua pindo la kitenge cha Maman. Muuguzi akazimwaga kiganjani, nyeupe na za rangi mbili.

"Anamezaka ngapi?"

"Za kichwa asubuhi, za mugongo jioni. Na leo akameza za tumbo."

"Za tumbo njo zipi?"

"Izo izo."

Muuguzi akaita wenzake. Kisha Maman akachukuliwa ndani mbio, wakamtundikia maji, wakaanza kutafuta mtu wa kumtolea damu. Muuguzi akarudi kwa Koko na vidonge vyake mkononi.

"Koko, sikiliza. Iyi nyeupe na iyi ya rangi mbili ni mutu na ndugu yake. Kazi moja, tumbo moja lilibazaa. Ukimeza zote mbili, umemeza kipimo mara mbili. Zinapunguza maumivu, ni kweli, lakini zinachubua tumbo ndani. Kama tumbo ni tupu, zaidi. Kama umeweka pombe juu yake, zaidi tena. Ule weusi ni damu yake. Damu ikilala mu tumbo inakuwa ivyo."

"Na mizizi?" Koko akauliza.

"Mungemutapisha, mungerudi na sanduku."

Nilimwangalia Koko. Nilitaka sana kuona uso wake utafanya nini. Haukufanya kitu. Aligeuka, akatoka mpaka langoni ambako watu walikuwa wanangoja, akaegemea mchi wake na kuwatangazia: "Karuho haiko kwa uyu. Iko kwa ule wa sinia."

Na nusu yao wakapanda mlima na fimbo zile zile kumtafuta. Bahati yake alisikia mapema. Kwetu hakuonekana tena.

Maman alipona, polepole. Walimwambia vidonge vya ukoo ule asiviguse tena kabisa. Akiumwa sana, achukue ile ya homa, kwa kipimo kilichoandikwa, bila kuchanganya, bila pombe, kwa sababu hata hiyo ikizidi inakula maini. Na tumbo likiuma, asilinyamazishe na dawa ya maumivu, aende aulize linalia nini. Alizishika zile amri kuliko zile za Musa.

Jumapili ya kwanza aliyoweza kutembea, alibeba kigoda mpaka mbele ya chumba cha Maman Byamungu, akakaa pale pale watu wanapopita wakitoka misa. Maman Byamungu akaleta mutobe, maji matamu ya ndizi yasiyochacha. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ili ujue ni safi. Akainua kikombe kuonja. Maman akakichukua mkononi mwake kabla hakijafika mdomoni, akanywa mpaka chini. Koko aliona na hilo. Wiki nzima hakusema kitu, na safari hiyo tulipumzika.

Leo mimi ndiye ninayeitwa koko, na meno yangu bado yote yamo. Magoti yananiuma kama ya mtu mwingine. Binti yangu ana mkoba uliojaa vidonge kuliko chenji, na kila akiupekua namuuliza: umekula? Umeshameza nini kingine? Jina lake ni nani, au umeambiwa rangi tu? Anasema nasumbua. Afadhali nisumbue. Wanaonifahamu hawamezi kitu mbele yangu bila kwanza kuonyesha kartoni.

Karuho, usiniulize kama iko. Sijaiona, na kwa watu nisiowajua sinywi. Lakini mchana ule nimeugeuza sana kichwani. Wakati ule watu wa kutuua walikuwepo kweli, tulijua sura zao, na wengine tuliwapita barabarani tumeinamisha vichwa. Njaa ilikuwa inatuua. Magunia yalikuwa yanatuua. Kwa hao wote hakuna aliyekwenda na fimbo kugonga mlango. Tulikwenda kugonga wa mjane, kwa sababu ndio uliokuwa unafunguka.