Undugu wa Kuzuliwa

Jumapili ya pili ya kutangazwa ndoa yetu, padre alisema kuna pingamizi. Baada ya misa tukaelezwa: shangazi wa mchumba wangu, aliyemlea, alikuwa amekwenda kusema kwamba baba yake yeye, babu wa mchumba wangu, na bibi yangu mzaa mama walinyonya ziwa moja huko Isikizya. Kwa hiyo sisi ni ndugu.

Ulikuwa uongo. Shangazi hakunitaka kwa kuwa nilizaliwa Mmoraviani, na miezi yangu yote ya mafundisho ya Kikatoliki haikumridhisha. Nilikwenda shambani Itetemia kumwomba baba yangu aje aukanushe. Alikuwa akipalilia karanga na hakuinua mgongo. Alisema mambo ya wazee wa zamani hayajui, tungoje mwaka mmoja yachunguzwe.

Mchumba wangu, karani wa reli asiyependa ugomvi, naye akasema labda tungoje. Nikamwambia angoje peke yake. Sikulia.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwetu Cheyo na baiskeli ya kuazima, akaniambia nipande. Tulifika Isikizya kwa bibi tumejaa vumbi. Bibi alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza viatu vyake viko wapi. Siku ya pili tukampakia kwenye lori la karanga, akashukia mlangoni kwa padre, na shangazi akaitwa.

"Baba wa mama huyu alifika hapa na msafara kutoka Manyema," bibi alisema, "mtu mzima, mzigo kichwani. Mimi nilikuwa nang'oka meno ya utoto. Tulinyonya wapi pamoja?"

Padre akaliondoa pingamizi siku ileile.

Jioni nilimwuliza baba kama alijua tangu mwanzo kuwa ni uongo.

"Nilijua," alisema. "Nilidhani utachoka, urudi kwenye kanisa letu."

Tulifunga ndoa kabla ya mvua. Shangazi alipiga vigelegele kuliko wote, na tangu siku hiyo nilimwamkia shikamoo kila nilipomwona, akaitikia marahaba kama vile hakuna kilichotokea. Uongo wake niliumeza. Wa baba ulinishinda. Miaka miwili nilipita karibu na shamba lake nikienda kuchota maji, naye akiinama na jembe, wala sikusimama kumsalimia.